Ukiulizwa, Sema ni Wako

Alute hakupenda jina lake liandikwe mahali popote. Alikuwa ameona kwamba kalamu ya wakubwa ikishakujua haikusahau: mwaka wa njaa wanaotakiwa kugawiwa mahindi hawaonekani vizuri, lakini mwaka wa michango wote wanaonekana mpaka nyayo. Kwa hiyo akiba yake aliiweka mahali ambapo kalamu haikufika. Aliiweka kwenye ng'ombe, na ng'ombe wenyewe akawaweka kwenye zizi la mtu mwingine.

Alianza na kuku. Kwao ni mbele kidogo ya Ihanja, unapoiacha lami, na huko kila mtu huanza na kuku, maana magari ya Dar huja kuwanunua hata mwaka ambao mvua imegoma. Kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe begani. Watu husema ng'ombe wa maskini hazai. Yule wa Alute alionyesha dalili zote za kuzaa, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu mali inayozaa mbele ya macho ya watu haina mwenyewe. Kaka atataka ya mahari ya mwanawe, kanisa litataka ya bati, na mwenyekiti wa kijiji atataka ya kumpikia mgeni rasmi ambaye akishakula hata jina la kijiji halikumbuki.

Basi yeye na mkewe Elina wakamswaga yule mtamba mpaka mbele ya Itigi, porini kwenye nyasi, kwa Isaka. Isaka alikuwa mtu aliyejuana naye zamani wakirina asali pamoja. Masharti yalikuwa yale yale ya siku zote. Mlezi anakunywa maziwa, analima na madume, na kila baada ya ndama kadhaa mmoja ni wake. Hakuna karatasi. Kuna neno tu.

"Ukiulizwa ni wa nani?" Alute alimpima siku ile.

"Nitasema ni wangu."

"Hata akija kaka yangu Filipo?"

"Hata akifufuka marehemu baba yako, akaja na fimbo."

Elina alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ndiye aliyekuwa na mpango. Hakutaka ng'ombe wawe wengi ili mumewe aitwe tajiri. Alitaka siku moja wageuke kiwanja Mandewa, pale mjini Singida, na juu ya kiwanja vyumba vya kupangisha, ili wanawe Dorkas na mdogo wake Peniel wasije wakaishi kwa kutazama mawingu kama wazazi wao. "Mvua inaweza isije," alikuwa akisema. "Mpangaji anakuja."

Miaka ikaenda. Ng'ombe wakafika watano baada ya kutoa wa mlezi. Halafu Elina akaota uvimbe tumboni. Zahanati wakampa vidonge vya maumivu, hospitali wakampa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, na hospitali kubwa haiendwi kwa karatasi. Watu wakachanga. Filipo, kaka yake Alute, aliuza beberu. Dada yao Sikudhani aliuza kuku mpaka na matetea. Usiku Alute akamwambia mkewe kwamba kesho anakwenda Itigi kuuza wale ng'ombe.

"Ukiuza, mimi nitakufa vilevile, na watoto watabaki na nini?" Elina alimjibu. "Acha watu wachange. Kuchangiwa si dhambi."

Akamsikiliza. Elina akafa. Tangu hapo Alute hakuacha kuwataja waliomuua: ni wale waliojenga jengo zuri, wakakata utepe, wakapiga picha, wakasahau kuweka daktari ndani. Aliyasema hayo popote walipokaa watu wawili, akiwa wa tatu. Habari ya ng'ombe watano waliokuwa wakila nyasi wakati watu wanachanga, hiyo hakumwambia mtu.

*

Mwaka jana, baada ya mavuno ya alizeti, Dorkas alipiga simu kutoka mjini, ambako alikuwa akishona nguo kwenye kibanda cha mtu.

"Shikamoo, Baba. Kuna kiwanja Mandewa. Mwalimu Ritha, mteja wangu, amehamishwa, anauza. Ana wanunuzi wengine ila amesema atanisubiri mimi mpaka mwisho wa mwezi. Wewe si ulisema ipo siku utakuwa na chochote?"

"Mwambie asubiri," Alute alisema. "Hicho chochote kipo."

Alipofika kwa Isaka alikuta ng'ombe wametoka malishoni. Alimtambua yule mwekundu, sasa ameshazeeka, na nyuma yake watoto wake: majike mawili, dume moja, na maksai mkubwa ambaye Isaka alikuwa akilimia. Lakini walikuwa na kitu kigeni. Kila mmoja alikuwa na kipande cha njano sikioni.

"Ndugu yangu, umewaoza?" Alute aliuliza. "Mbona wamevaa hereni?"

Isaka alicheka. "Hujasikia? Walikuja watu na gari. Chanjo kwanza, halafu hereni. Kila ng'ombe ana namba yake na mwenyewe ameandikwa kwenye mashine. Wamesema sasa hata akiibiwa akafika nchi nyingine, atajulikana."

Alute alishika sikio la yule mwekundu. "Mwenyewe ameandikwa nani?"

"Walipanga watu mstari pale kwenye josho. Wakaniuliza: mzee, hawa wote ni wa nani?" Isaka alinyoosha kifua kama askari anayetoa taarifa. "Nikawaambia ni wangu. Wakauliza tena: wote? Nikasema wote. Bwana mifugo akanitazama usoni, mimi sikupepesa hata jicho. Si ndivyo tulivyopatana?"

Alute hakujua amshukuru au amrukie. Mtu mwongo angeweza kubabaika akataja jina la kweli. Isaka alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa umewatia ng'ombe wote watano kwenye mashine ya serikali kwa jina lake, na kidole chake juu yake.

"Nimekuja kuwauza," Alute alisema.

"Wauze, ni wako."

Hapo akasikika mtu akikohoa mlangoni. Alikuwa Chrispin, kijana mkubwa wa Isaka, mwenye mke na mtoto, mtu wa kutembea na simu mkononi kama kasisi na msalaba. "Shikamoo, mzee," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Wako kivipi? Mimi tangu nakua nachunga hawa. Nimefukuzana na fisi usiku kwa ajili ya hawa. Ujumbe ulikuja kwenye simu hii hapa, jina ni la Baba."

"Chrispin," baba yake akamwonya.

"Nasema lililopo, Baba. Nimeshaongea na watu wa mkopo. Ng'ombe wenye hereni wanakubaliwa kuwa dhamana. Nataka pawatila, trekta ya mkono, nilimie watu, nisife maskini hapa porini. Sasa leo anakuja mgeni anasema ni wake. Ushahidi?"

"Ushahidi ni baba yako," Alute alisema.

"Baba yangu ameshaiambia serikali ni wake. Mnataka aseme mara ngapi?"

Kijana hakuwa mwizi. Alikuwa amekua anaona ng'ombe nyumbani kwao, na hakuna aliyewahi kumwambia tofauti, kwa sababu siri iliyowekwa vizuri huwekwa hata kwa watoto wa mlezi.

*

Asubuhi wazee wawili walikwenda kwa bwana mifugo wa kata. Bwana mifugo huyo alikuwa binti, anaitwa Belinda, lakini huko wafugaji wanamwita bwana mifugo vilevile naye ameshachoka kuwasahihisha. Aliwasikiliza akiwa anajaza chanjo kwenye boksi la barafu.

"Kuuza mnadani ni mpaka kibali," alisema. "Kibali kinatoka kwa jina lililopo kwenye mfumo. Mzee Isaka anaweza kuuza leo hii."

"Basi nitauza, nimpe hela zake," Isaka alisema.

Alute alimtazama mwenzake, kisha akamkumbuka Chrispin na watu wake wa mkopo. Fedha ikishaingia kwenye nyumba ile, itatoka? Isaka alikuwa mzee, na simu ilikuwa ya kijana.

"Nataka waandikwe kwangu kwanza," alisema.

"Hapo sasa mzee Isaka atuambie kwamba alidanganya siku ya utambuzi. Na kudanganya kuna faini." Belinda alifunga boksi. Alikuwa binti mwenye haraka, lakini hakuwa mbaya. "Au aseme amewauza nyumbani, kwa makubaliano. Hilo linaruhusiwa. Mnunuzi alete kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho kutoka kwao, yenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Tunahamisha jina siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo ukweli una faini, uongo una barua," Alute alisema.

"Mzee wangu, mimi sikutunga sheria."

"Hakuna anayezitunga. Kila ninayemuuliza ananiambia si yeye. Zinaota zenyewe, kama magugu."

Shida ilikuwa kwamba Alute hakuwa na kitambulisho. Alijiandikisha zamani, akapanga foleni siku mbili, na mashine ikamkataa vidole. Jembe lilikuwa limevifuta. Walimwambia arudi baadaye, na yeye si mtu wa kurudi mahali alipokataliwa. Akatoka nje akampigia Dorkas.

"Nitajie namba ya kitambulisho chako."

"Ya nini, Baba?"

"Kuna ng'ombe wataandikwa kwa jina lako. Ndicho kiwanja chenyewe."

"Ng'ombe gani? Sisi tuna ng'ombe?"

"Watano. Wapo huku Itigi kwa rafiki yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe uko shule ya msingi."

Upande wa pili cherehani ilinyamaza. Alute alisikia mtu akiuliza bei ya zipu na hakujibiwa.

"Kwa hiyo Mama akiwa amelala pale walikuwepo," Dorkas alisema.

"Walikuwepo. Mama yako mwenyewe ndiye aliyekataa..."

"Andika namba, Baba." Akaitaja taratibu, tarakimu moja moja, kama mtu anayehesabia mgeni chenji. Halafu akakata simu.

*

Ilibaki barua sasa. Mwenyekiti wa kitongoji chao alikuwa Filipo, kaka yake.

Njia nzima ya kurudi Alute alitengeneza maneno. Angeweza kusema Dorkas amejiwekea mwenyewe kwa ushonaji. Lakini binti wa kushona viraka kwenye kibanda cha kupanga, anunue ng'ombe watano kwa mpigo, na wawe Itigi? Filipo hakuwa mtu wa shule, ila alikuwa amesuluhisha kesi za mipaka na mbuzi kwa miaka mingi, na uongo aliunusa kabla haujapikwa.

Alimkuta akipura uwele na mkewe. Wakasalimiana, wakaulizana mifugo, mvua, watoto. Alute akasema anaomba barua ya Dorkas, ya utambulisho, kwamba ni wa hapa.

"Ya kazi?"

"Ya ng'ombe."

"Amenunua?"

"Ananunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu mmoja huko Itigi, Isaka."

Filipo aliweka chini gongo la kupuria. "Isaka wa asali?" aliuliza. "Mliyekuwa mkienda kumsalimia wewe na marehemu kila mwaka, hata mwaka wa njaa, na hamrudi hata na chupa ya asali? Mimi nilikuwa nasema mdogo wangu ana mapenzi na watu." Akajifuta makapi mikononi. "Sema sasa. Ni wako?"

Mkewe Filipo akaacha kupepeta. Alute akaona hakuna pa kupita.

"Ni wangu."

"Walikuwepo Elina akiumwa?"

"Walikuwepo. Alikataa wasiuzwe. Alisema ni wa watoto."

"Yule beberu wangu naye alikuwa wa watoto," Filipo alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu alirudishwa nyumbani kutoka shule mwaka ule kwa kukosa mchango. Nikamwambia avumilie, mama yako mdogo anaumwa. Dada yetu Sikudhani hadi leo anaomba mayai ya kuatamisha kwa majirani. Wewe ulikaa hapa kwangu, kwenye kigoda hiki, ukilaani serikali kwa kumuua mkeo, na mimi nikalaani pamoja na wewe."

"Serikali ilimuua."

"Na wewe ulikuwa umefunga zizi. Mficha uchi hazai, Alute. Wewe umezaa umeficha, sasa umekuja kuazima nguo kwangu."

Alitegemea matusi, na matusi angeyajibu.

Filipo aliingia ndani akatoka na muhuri wake na karatasi. Aliandika kwa shida, herufi kubwa kubwa, akapiga muhuri juu ya paja lake. Lakini hakuitoa mkononi.

"Yule maksai mkubwa ataletwa hapa," alisema. "Atachinjwa. Tutafanya kumbukumbu ya Elina na kila aliyechanga atakula. Hawakukukopesha, kwa hiyo huwezi kuwalipa. Watakula nyama wajue ilikuwa yako. Basi."

"Kaka, bila maksai kiwanja hakitoshi."

"Hilo ni lako."

"Sawa," Alute alisema, akapokea barua. Aliisema ile sawa kama watu wanavyoisema kwa mgeni wa kampeni, huku moyoni akipiga hesabu nyingine. Angeuza wote watano, kiwanja kipatikane, halafu anunue mbuzi mnene amlete. Filipo angefoka, lakini kufoka hakubomoi nyumba. Aibu ingekaa mwaka mmoja au miwili. Vyumba vya kupanga vingekaa mpaka kwa wajukuu.

*

Mbele ya Belinda, Isaka aliulizwa kama amemuuzia ng'ombe watano Dorkas binti Alute wa Ihanja kwa hiari yake. Chrispin alikuwa amekuja naye, amesimama mlangoni, amekunja mikono.

"Nimemuuzia," Isaka alisema.

"Baba!" Chrispin alisema. "Unauza bila kutuuliza?"

"Ningekuwa nauza kilicho changu ningekuuliza."

"Sasa unamwambia bwana mifugo nini? Si umesema umeuza?"

"Mimi sijasikia," Belinda alisema, akiendelea kubonyeza simu yake. "Weka kidole hapa, mzee."

Isaka akaweka. Akamgeukia mwanawe. "Mama yako alikunyonyesha, na maziwa ya hao ng'ombe yakakukuza. Umekula mshahara wako tangu huna meno. Ukitaka pawatila, ndama tuliopewa kwa zamu zetu wapo, anza nao. Mzee huyu naye alianza na kuku."

"Pawatila hainunuliwi kwa ndama," Chrispin alisema, akaondoka akipiga teke vumbi. Alute alimtazama akienda. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma kidogo, lakini huruma haikuwa kitu cha kutembea nacho siku ile.

Mnada ulikuwa kesho yake. Kibali kilimtaka mwenyewe awepo, na mwenyewe sasa alikuwa Dorkas, kwa hiyo akaja kwa basi la alfajiri akiwa na kikapu kidogo na macho ya mtu asiyelala. Alimpa baba yake shikamoo, akampa Isaka shikamoo, halafu akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Akawazunguka. Alipofika kwa yule mwekundu akamshika baka la begani.

"Mama alikuwa anawajua hawa wote?"

"Yeye ndiye aliyewapa majina," Isaka alisema. "Huyo ni Subira."

Wanunuzi walikuja wakawapapasa ng'ombe mgongoni, wakawadharau kwa sauti ili bei ishuke, kama ilivyo desturi. Mmoja, mtu mnene mwenye koti la mvua juani, aliwataka wote kwa pamoja. Alute alipiga hesabu kichwani. Hela ya kiwanja ilikuwa inatosha, na chenji ya kununulia mbuzi ingebaki. Ilikuwa Alhamisi, na Mwalimu Ritha alikuwa amesema Ijumaa jioni ndiyo mwisho.

"Chukua," alisema.

"Wanne," Dorkas alisema. "Maksai hauzwi."

Mnunuzi akamtazama Alute. Alute akamvuta binti yake pembeni, nyuma ya lori.

"Nani amekwambia habari ya maksai?"

"Baba mkubwa alinipigia. Alijua hutaniambia."

"Dorkas, bila huyo hatufiki. Mama yako alitaka kiwanja. Alikubali kufa kwa ajili ya hicho kiwanja."

"Mama alikubali kufa. Shangazi hakukubali kubaki bila kuku. Hakuulizwa." Alikuwa ameshalia njia nzima, akamaliza. "Watu walimbeba Mama mpaka hospitali wakiamini hatuna kitu. Nikijenga juu ya hilo, kila mpangaji atakayeingia nitakuwa namwona beberu wa baba mkubwa."

"Utanunua mwingine umrudishie. Baadaye. Ukishapangisha."

"Baadaye ndiyo ile ya hospitali, Baba. Walituambia daktari hayupo, rudini baadaye, mpaka leo unawalaani."

"Usinifananishe na wale!"

"Sijakufananisha. Nimesema hauzwi."

"Mimi ni baba yako. Nimewalea hao ng'ombe nikila ugali na chumvi."

Mnunuzi alikuwa amechoka. "Jamani," aliita, "jua linapanda. Mimi naongea na nani hapa? Mwenye mali ni nani?"

Belinda, aliyekuwa akikagua vibali meza ya pili, akasogeza simu yake karibu na sikio la maksai mpaka ikalia. "Dorkas Alute," alisoma. "Ndiye mwenye kuuza. Mwingine yeyote ni msindikizaji."

Wasikilizaji wakacheka, si kwa ubaya. Alute alisimama pale mikono ikining'inia. Maisha yake yote alikuwa na watu wa kuwalaumu, wa juu, wa mbali, wenye magari. Sasa aliyekuwa juu yake alikuwa mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga kamba ya mbuzi, na hakukuwa na namna nzuri ya kumlaani.

Wanne wakauzwa. Fedha ikaingia kwenye simu ya Dorkas. Maksai akapandishwa kwenye fuso lililokuwa linarudi Singida tupu.

*

Ijumaa jioni Dorkas alimpigia Mwalimu Ritha, akamwambia kilichopo na kilichopungua. Mwalimu alisikitika, na alisikitika kweli, lakini kulikuwa na mwanajeshi mstaafu mwenye fedha kamili mkononi, na lori la kuhama lilikuwa mlangoni. Kiwanja kikaenda.

Jumapili baada ya ibada wakamwita mzee mmoja Mwislamu achinje, ili asibaki mtu wa kusema yeye hali nyama hiyo. Walikuja wote: waliochanga fedha, waliochanga kuni, waliochanga kwa kukesha tu. Filipo alisimama akasema maneno machache. Alisema kwamba Elina alikuwa na ng'ombe, kwamba alikuwa amewaweka kwa ajili ya watoto, na kwamba leo amerudi kuwashukuru watu. Hakusema zaidi ya hapo. Aliyeelewa akaelewa, na hakuna ambaye hakuelewa.

Watu wengine walimpita Alute bila kumsalimia. Mzee mmoja alichukua fungu lake la nyama akaenda nalo nyumbani bila kuketi. Sikudhani yeye alikuja na sahani, akaisukuma mikononi mwa kaka yake.

"Kula, kaka. Usijifanye mgonjwa hapa. Nyama ya kufichwa ina mafuta kumbe!"

Wanawake wakaangua kicheko. Alute akasema kwamba haya yote yasingekuwa na haja kama hospitali ingekuwa na daktari. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyemuunga mkono. Sikudhani alimwongezea ugali. "Daktari hayupo," alisema, "lakini mimi nilikuwepo. Na matetea yangu yalikuwepo. Kula."

Akala. Ilikuwa nyama ngumu, ya ng'ombe aliyelima sana.

Simu ya Dorkas ikaita. Alikuwa anagawa mchuzi, akafuta mkono kwenye kanga. Aliyepiga alikuwa dalali wa mjini. Kipo kiwanja kingine, kidogo, kupita Mandewa kabisa, umeme haujafika na maji ni ya kisima cha mtu, ila bei inaongeleka.

"Sijakataa," Dorkas alikuwa akisema. "Nasema nionyeshe mipaka kwanza, na majirani wote wawepo. Hapana, hakuna mzee wa kuongea naye. Ongea na mimi."

Alute alisogea kwenye benchi kumpa nafasi ya kukaa. Dorkas hakuiona. Alipita katikati ya watu akaenda kusimama nyuma ya ghala, mahali mtandao unaposhika.